Pumzi ya Mvua ya Kale

Siri ya mtungi aulizwe kata, walisema wahenga, nao walisema kweli; lakini upo mtungi mmoja ambao kata ya mwanadamu haijapata kuufikia kitako tangu dunia iumbwe, nao ni ardhi yenyewe, iliyojaa maji tangu enzi ambazo hapakuwa na mtu wa kuyateka. Maji hayo tunayanywa, tunayaoga, tunayanywesha mifugo na bustani, na ni mara chache sana tunapojiuliza: mvua iliyoyaleta ilinyesha lini? Ilinyesha mwaka juzi, au zama za mababu, au kabla ya kuwako babu yeyote wa kuisimulia? Swali hilo limewashinda wachimba visima wa vizazi vyote. Kumbe Aliyeyaumba maji alikwisha kuliwekea jibu, akalificha ndani ya maji yenyewe, katika chembe ndogo na chache kiasi kwamba binadamu alihitaji kungoja hadi mwisho wa karne ya 20 kabla hajapata jicho la kuzihesabu moja moja.

Karibu, msomaji, tusimame pamoja Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu, kaskazini magharibi mwa Rwanda. Mbele yetu limetandaa Ziwa Kivu, mita 1,462 juu ya usawa wa bahari, likiwa na visiwa vyake na ghuba zake na vilima vya kijani vinavyoinama pande zote kana kwamba vinajitazama majini. Jioni wavuvi wa sambaza huondoka na mitumbwi yao mitatu mitatu, iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zao zikiwaka na nyimbo zao zikitangulia. Magharibi, hatua chache kupita mpaka, ni Goma ya Kongo, na nyuma ya Goma umesimama Nyiragongo, mmoja wa milima minane ya Virunga, ambao usiku mawingu yake hugeuka mekundu kwa moto ulio kinywani mwake. Na kusini kidogo ya mji, huko Nyamyumba, maji ya moto hububujika ukingoni mwa ziwa. Wenyeji huyaita amashyuza. Watu huja kuloweka miguu iliyochoka na viungo vinavyouma, wakatulia humo, wakaondoka wakishukuru. Wachache huuliza yametoka wapi, na yamekuwa njiani kwa muda gani. Leo tuulize sisi.

Tone la mvua linapoanguka kwenye miteremko ya Virunga, halianguki peke yake. Tangu lilipotoka mawinguni limezungukwa na hewa, nalo limeinywa hewa hiyo kidogo kidogo, kwa kipimo kinachotegemea joto na urefu wa mahali, kipimo ambacho hakibadiliki kwa upendeleo wala kwa bahati. Linapogusa ardhi hukuta mawe ya lava, meusi, yenye matundu na nyufa tele, mawe yasiyojua kuyazuia maji. Ndiyo maana katika uwanda wa lava unaoizunguka Goma na kuigusa Gisenyi mvua hunyesha kwa wingi na hali vijito ni adimu. Maji huzama. Hupenya ufa baada ya ufa, hushuka tabaka baada ya tabaka, na yakifika pale ambapo kila tundu la mwamba limekwisha kujaa maji, mlango hujifunga nyuma yake: hewa ya dunia ya juu haiwezi tena kuyafuata. Pumzi yaliyoingia nayo ndiyo pumzi yake ya mwisho, nayo yataitunza gizani mpaka siku yatakapotoka tena kuliona jua.

Si Virunga peke yake. Mvua ya vilima vya Chyulu nchini Kenya huzama katika mawe ya volkano vivyo hivyo, ikaibukia Mzima, ikiwa safi kiasi cha kuonyesha viboko wakitembea chini ya maji, na sehemu yake husafiri kwa bomba hadi Mombasa. Kikuletwa, ambako wengi hukuita Chemka, karibu na Moshi, nako maji ya kilindi hutoka ardhini yakiwa na rangi ya anga. Kila mahali penye chemchemi pana safari ambayo jicho halikuiona, na maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Sasa tuitazame ile pumzi. Ndani yake mna oksijeni, ambayo upesi huliwa na kutu na viumbe vidogo vya gizani. Mna kaboni, ambayo kwa miaka mingi wataalamu wameitumia kupimia umri wa vitu vya kale. Lakini kaboni haitulii, mara imeungana na chokaa, mara imetoka kwenye mwamba mzee na kujichanganya na ile iliyo changa, hata ushahidi wake ukahitaji kusahihishwa tena na tena. Hapa Kivu, kwa mfano, kaboni nyingi inayopanda kutoka chini ni ya volkano, imekwisha kupoteza kila alama ya ujana, na yeyote anayeitegemea peke yake ataambiwa kwamba maji ni ya kale kuliko yalivyo. Lakini mna pia ukoo mmoja wa gesi zilizoumbwa kwa tabia isiyo ya kawaida: heli, neoni, argoni, kriptoni na zenoni, zile ambazo wanasayansi huziita gesi adimu. Hizo, zikiwa ndani ya maji, hazishikamani na kitu. Haziungui wala haziozi, hazina rangi, ladha wala harufu. Chumvi haizifungi, mwamba hauzimezi, vijidudu havina haja nazo. Mwaka 1898, jijini London, William Ramsay na Morris Travers waliichemsha hewa iliyopozwa hata ikawa kimiminika, wakaacha sehemu kubwa ipae, na katika masazo yaliyobaki wakaona mistari ya mwanga ambayo haikuwa ya gesi yoyote iliyojulikana. Hiyo ilikuwa kriptoni, ambayo katika hewa tunayovuta ni kama sehemu moja tu katika milioni.

Ni nani angedhani kwamba upweke una kazi kubwa namna hii? Shahidi mwenye jamaa wengi huvutwa huku na huku, na maneno yake hupata rangi ya wale aliokaa nao; asiye na undugu na yeyote hana wa kumpendelea. Gesi hizi hupita katikati ya chumvi na chuma na chokaa na salfa, miaka maelfu kwa maelfu, zikatoka kama zilivyoingia. Mimi huona katika jambo hilo hekima inayostahili kuinamishiwa kichwa: kwamba kilichoonekana kuwa bure, kisichofanya lolote na kisichochanganyika na yeyote, ndicho kilichokabidhiwa amana ya kutunza kumbukumbu.

Na katika ukoo huo wa wapweke wamo wachache waliopewa saa. Juu kabisa angani, mbali kuliko mawingu, miale yenye nguvu inayotoka katika vilindi vya ulimwengu hugonga atomu za kriptoni, na mara moja moja atomu iliyogongwa hugeuka kuwa kriptoni-81, atomu inayofanana na ndugu zake kwa kila tabia isipokuwa moja: haikuumbwa kudumu. Upepo huichukua na kuisambaza, na kwa kuwa ina maisha marefu, hupata nafasi ya kuzunguka dunia nzima mpaka ikaenea sawasawa, hata mvua ya Gisenyi na mvua ya Muscat na theluji ya Kibo zote zikabeba fungu lile lile. Fungu hilo ni dogo la kushangaza. Lita moja ya maji yaliyoagana na anga leo ina molekuli ambazo idadi yake huandikwa kwa tarakimu 26. Na katika umati huo atomu za kriptoni-81 ni takribani 1,000 tu.

Maji yakiisha kuzama, miale ya angani haiwezi kuyafuata kutengeneza nyingine, na hesabu huanza kushuka. Bandu bandu huisha gogo. Baada ya miaka 229,000 zile 1,000 zimebaki 500. Ikipita mingine 229,000 zimebaki 250. Na hivyo hivyo, nusu ya nusu, kwa mwendo usioharakishwa na joto la mwamba wala kucheleweshwa na baridi ya kilindi. Hakuna ajuaye ni atomu ipi itakayofuata kuondoka. Moja yaweza kuondoka leo na jirani yake akakaa miaka milioni. Lakini zikiwa nyingi pamoja, hushika miadi yao kwa uaminifu kupita saa yoyote iliyotengenezwa na fundi. Tafakari, msomaji: kila moja ina uhuru wake, na zote kwa jumla zina utaratibu usiovunjika.

Wala kriptoni-81 haikuachiwa zamu yote peke yake, kwa sababu saa ya miaka laki haifai kupimia karne. Ipo argoni-39, ambayo nayo huzaliwa kwa miale ya angani na nusu yake huondoka katika miaka isiyofika 310 na isiyopungua 260, kadiri vipimo vya wataalamu vinavyoeleza. Mvua iliyonyesha mwaka 1331, Ibn Battuta alipoitembelea Kilwa, kama imehifadhiwa chini mpaka leo, haijabakiza hata robo ya argoni-39 iliyoingia nayo. Na ipo kriptoni-85, ambayo nusu yake huisha kwa miaka isiyofika 11, na ambayo kwa sehemu kubwa sana ni kazi ya mikono ya watu: imetoka katika viwanda vinavyochakata mabaki ya nishati ya nyuklia tangu katikati ya karne iliyopita. Maji yenye kriptoni-85 ni maji ya zama zetu, yaliyoiona anga ya wazazi wetu au ya kwetu. Saa tatu basi: moja ya umri wa mtu, moja ya umri wa falme, moja ya umri wa majangwa na barafu. Zimepangwa zikipokezana, ile ndogo ikichoka kubwa ikaendelea.

Kuiona saa si sawa na kuisoma. Heinz Hugo Loosli na Hans Oeschger, huko Bern nchini Uswisi, waliitambua kriptoni-81 katika hewa mwaka 1969, kwa kungoja atomu ziage na kuacha alama zikiondoka. Lakini jambo lenye nusu ya maisha ya miaka 229,000 halina haraka na mwanadamu; ukiwa na atomu elfu chache huenda ukazeeka kabla hujaona moja ikiondoka. Miaka thelathini ilipita. Kisha mwaka 1999, katika maabara ya taifa ya Argonne, jimbo la Illinois nchini Marekani, Zheng-Tian Lu na wenzake walitangaza njia nyingine: badala ya kungoja atomu ife, waikamate ikiwa hai.

Nitaieleza njia hiyo polepole, maana ni nzuri. Kila aina ya atomu imepewa rangi moja moja ya mwanga inayoiitikia, na rangi ya kriptoni-81 inatofautiana na ya ndugu zake wa kawaida kwa kiasi kidogo mno, kidogo kuliko jicho linavyoweza kutambua, lakini kinachotosha kwa mwanga wa leza uliosawazishwa kwa uangalifu. Watafiti hutoa hewa kutoka majini, wakatenga kriptoni yote peke yake, gesi isiyozidi ukubwa wa tone la umande, wakaiachia itiririke ndani ya chombo kisicho na hewa. Humo miale ya leza huikabili kutoka pande sita, juu na chini, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Atomu za kawaida hupita zikienda zake kwa mabilioni, kwa kuwa mwanga ule hausemi nazo. Ile iliyoitwa kwa rangi yake husikia: hupunguza mwendo, husita, husimama katikati ya miale, na hapo ilipo huwaka kwa mwanga wake yenyewe, nukta moja, mbele ya kamera. Atomu moja! Katika kriptoni zote za hewani hiyo ni chini ya moja katika trilioni, nayo imeitwa kwa jina lake ikaitika. Huhesabiwa, huachiwa, nyingine husubiriwa.

Zamani kipimo kimoja kilihitaji maji ya tani zaidi ya kumi, hata wataalamu wakalazimika kuwa na malori ya mizigo jangwani. Leo, kwa maabara za Marekani, China na Ujerumani zilizoiboresha kazi hii, ndoo moja ya lita 20 yaweza kutosha.

Na ilipoulizwa, saa hiyo ilisema nini? Mwaka 2004 timu iliyoongozwa na Neil Sturchio wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Chicago ilitangaza majibu ya visima vya jangwa la magharibi la Misri, nchi ya oasisi kama Dakhla na Kharga, ambako mitende hustawi juu ya maji yaliyolala katika mawe ya mchanga ya Nubia, hazina inayoenea chini ya Misri, Libya, Sudan na Chad. Maji ya visima vile yalikuwa na umri kuanzia miaka 200,000 hadi miaka ipatayo milioni moja. Milioni moja! Mvua ile ilipiga juu ya Sahara iliyokuwa na majani na mito, ikatoa ngurumo zake zote, na hakuna sikio la binadamu wa namna yetu lililokuwapo kuisikia. Imelala humo wakati majangwa yanakuja na kuondoka, wakati barafu inatanda na kurudi nyuma. Kisha mkulima anachimba, anafungua bomba, na mvua ya milioni ya miaka inamwagika juu ya vitunguu. Miaka kumi baadaye, mwaka 2014, saa hiyo hiyo ikaisoma barafu ya Taylor huko Antaktika, ikaikuta na umri wa miaka ipatayo 120,000. Kawia ufike, husema Mswahili; sijui msafiri mwingine aliyekawia namna hii na akafika salama.

Turudi Rubavu, kwa kuwa hapa gesi adimu zimetoa ushahidi wa aina nyingine, ambao kwangu ni wa ajabu zaidi. Wataalamu wa Eawag, taasisi ya Uswisi ya utafiti wa maji ambayo imelichunguza Ziwa Kivu kwa miaka mingi pamoja na wenzao wa Rwanda, walishusha vyombo vyao hadi kilindi cha ziwa, wakapima neoni, argoni na kriptoni kwa kina baada ya kina. Matokeo yao, yaliyotolewa na Fabian Bärenbold na wenzake mwaka 2020, yalikuwa ya kustaajabisha. Juu gesi zilikuwa kama zinavyopaswa kuwa katika maji yanayogusana na hewa. Chini zilikuwa pungufu, pungufu sana, kana kwamba maji yale hayakupata kuvuta pumzi kamili. Hakuna ziwa kubwa lililojulikana kuwa na upungufu wa namna hiyo.

Gesi ambazo hakuna kinachoweza kuzila zimekwenda wapi? Jibu lililokubaliana na vipimo ni hili: maji yanayolijaza ziwa kutoka chini ni maji ya ardhini, mvua iliyozama katika mawe ya Virunga, na njiani yamepita karibu na moto. Huko, joto na mapovu ya gesi inayopanda kutoka kwenye volkano yameifukuza hewa iliyokuwamo, ikatoka mwambani, na maji yakaendelea na safari bila pumzi yake ya kwanza. Mahali pa hewa ya juu pamechukuliwa na pumzi ya chini: hewa ya ukaa nyingi, na pamoja nayo heli inayopanda kutoka tumboni mwa dunia, ikiwa na alama ya kuwako humo tangu dunia ilipofanyizwa. Kutokuwapo kwa gesi kumekuwa ushuhuda sawa na kuwapo kwake. Maji yameingia yakiwa na pumzi ya anga, yakatoka na pumzi ya moto, na chembe zilizoumbwa zisiweze kusema uongo zimetuonyesha njia yaliyopita.

Chemchemi zinazoleta maji haya si zile za Nyamyumba tu tunazoziona zikitoa mvuke. Zilizo nyingi na kubwa zimefichwa chini ya ziwa lenyewe, hasa upande huu wa kaskazini, nyingine zikiwa baridi na tamu, nyingine za uvuguvugu, za chumvi, zilizoshiba hewa ya ukaa. Kwa makadirio ya wataalamu, kila mwaka huingiza ziwani kilomita za ujazo 1.3 za maji, zaidi ya nusu ya yale yanayoletwa na mito yote inayoonekana, Sebeya ukiwa mmojawapo. Mto mkubwa unapita chini ya miguu ya wakazi wa Goma na Gisenyi, hauna jina wala daraja, na hakuna mtoto aliyewahi kuogelea humo.

Na mto huo una kazi. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, lakini samaki huishi katika mita kama 60 za juu tu, kwa kuwa chini yake hakuna oksijeni. Maji ya chini yana chumvi na hewa ya ukaa inayoyafanya mazito, ndiyo maana hukaa chini ingawa ni ya joto zaidi. Kwenye kitako cha ziwa ni nyuzi 26 hivi, na katikati ni 23. Kati ya maji mepesi ya juu na mazito ya chini yamejipanga matabaka mamia, moja juu ya jingine, mengi unene wake haufiki mita moja, kila moja likiwa na joto lake na chumvi yake, yametulia kama ngazi ya jumba ambalo hakuna aliyewahi kulipanda. Chemchemi zinazoingia kwenye kina cha mita zipatazo 250 ndizo zinazolinda mpaka mkuu wa matabaka hayo. Juu yake maji hubadilika upesi na kushuka kwa Mto Ruzizi kwenda Tanganyika. Chini yake maji hukaa miaka ipatayo 800 hadi 1,000 kabla ya kupandishwa. Yaliyo chini huko leo yaliingia siku ambazo miji ya mawe ya pwani yetu ilikuwa ndiyo kwanza inajengwa.

Katika chumba hicho cha chini mmehifadhiwa gesi nyingi mno: hewa ya ukaa kilomita za ujazo zipatazo 300, na methani zipatazo 60, kama zingepimwa zikiwa nje ya maji. Rwanda imejifunza kuivuna methani hiyo. Ilianza hapa Rubona, jirani na Gisenyi, katika miaka ya 1960, kwa ajili ya kiwanda cha bia cha Bralirwa. Na tangu mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt huko Karongi umekuwa ukiigeuza kuwa umeme wa megawati 26. Lakini si nguvu yake inayonishika moyo, bali utulivu wake. Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliikata Goma katikati ikaingia ziwani ikichemka, na maji ya kilindi hayakuvurugika. Mei 2021 mlima ulipasuka tena, ardhi ya Rubavu ikatetemeka siku nyingi, nyumba zikapata nyufa, maelfu ya watu wa Goma wakavuka mpaka kutafuta hifadhi, na moto wa chini ukapenyeza mwambani hadi chini ya ziwa. Ngazi ile ya maji ilisimama. Waliokuwa macho usiku ule wakisali hawakujua kwamba chini ya ziwa, mita 250 gizani, chemchemi zilikuwa zikiendelea na kazi yao kwa mwendo ule ule, zikiushikilia mpaka baina ya uhai na mauti.

Mimi siwezi kuyatazama haya na kusema ni bahati. Mvua hunyesha juu ya mlima wa moto, mlima huinywa, moto huivua pumzi yake na kuivika nyingine, maji hushuka kimya mpaka mahali pake hasa, na hapo hulibana ziwa lililo zito kwa gesi ili watoto wa kando yake walale salama. Kila kiungo kimekutana na chenzake. Na ili sisi tusibaki tukikisia, zimewekwa humo chembe zisizobadilika, kutueleza muda na njia.

Kwa hiyo neno langu ni kwenu mnaoishi juu ya mawe haya, Rubavu na Goma, na kwa kila anayejenga, kuosha magari, kuchimba vyoo au kufungua kiwanda kwenye ardhi ya lava. Mwamba huu hauchuji vizuri na hauna mlango wa kuzuia uchafu. Mafuta machafu yanayomwagwa katika ufa, maji ya choo, sumu ya shambani, vyote huifuata njia ile ile ya mvua, na safari hiyo ikiisha kuanza hakuna mkono unaoweza kuirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki, na yaliyozama hayafuatiki. Chimbeni mbali na nyufa, jengeni mashimo yenye sakafu, zoeni mafuta yenu, na viongozi wa pande zote mbili za mpaka waupime mto huo usio na jina kwa pamoja, kwa kuwa wenyewe haukupata kuujua mpaka.